Pampu ya Kupeleka Chai ya Mboji Shambani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu kuifikisha chai ya mboji (maji yaliyolowekwa mboji na kupulizwa hewa) shambani ikiwa hai, si namna ya kuitengeneza. Ukikuta namba kwenye mabano, jibu kamili liko kwenye swali lenye namba hiyo.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini chai ya mboji itafutiwe pampu ya peke yake? Dawa zote si hupulizwa kwa bomba lile lile?

Dawa ya kemikali ikipita kwenye pampu kali hutoka vile vile ilivyoingia. Chai ya mboji hubeba viumbe hai waliotoka kwenye mboji na kuzaliana majini wakati ikipulizwa hewa, kwa kawaida saa 24 hadi 36. Wakifa njiani, unachomwaga ni maji ya kahawia yenye virutubisho kidogo.

Viumbe hao hawalingani kwa uimara. Bakteria wana ukubwa wa mikroni 1 hadi 2 (mikroni 1,000 ni milimita 1) na hupita karibu popote salama. Nyuzi za kuvu ni nyembamba, mikroni 2 hadi 10, lakini ni ndefu, na ndizo hukatika kwanza. Protozoa wengi wana ngozi laini. Nematodi, yaani minyoo midogo sana ya udongo, wana urefu wa takriban milimita 0.3 hadi 1, kwa hiyo huweza kuzuiwa na chujio jembamba kabla hata pampu haijawagusa.

Kama chai yako imetengenezwa kwa molasi nyingi na mboji ya samadi, walio wengi humo ni bakteria, na huna sababu ya kutumia pesa nyingi kwenye pampu. Kama unataka kuvu kwa ajili ya miti, mfano kahawa au miparachichi, hapo uchaguzi wa pampu una maana.

2. Ni lazima niwe na pampu?

Hapana, na wengi wanaouliza swali hili hawaihitaji. Ikiwa chai inakwenda kwenye udongo, ndoo ya kumwagilia yenye matundu makubwa au pipa lililoinuliwa linatosha. Maji ya mserereko hayaumizi kiumbe chochote.

Pipa la lita 200 likikaa kwenye kichanja cha mita 1.5 na kufungwa mpira wa mita 20, mtiririko wake mwanzoni ni takriban hivi: mpira wa nusu inchi lita 6 hadi 7 kwa dakika, robo tatu inchi karibu lita 18, na inchi moja karibu lita 35. Hapo utaona kuwa kununua mpira mnene zaidi mara nyingi ni nafuu kuliko kununua pampu. Kichanja kiwe imara: pipa lililojaa lina uzito unaozidi kilo 200. Koki iwe ya inchi moja pia, kwa sababu koki ya nusu inchi itaubana mpira wote.

Pampu inakuwa ya lazima pale unapotaka kufunika majani, shamba likiwa juu kuliko pipa, au eneo likizidi ekari moja hivi.

3. Ni nini hasa kinachowaua viumbe ndani ya pampu?

Kuna mambo manne. La kwanza ni presha kushuka ghafla kwenye tundu jembamba, ambako maji hukimbia kasi na kuvuta viumbe huku na huku. La pili ni kusagwa kati ya vyuma vinavyogusana, kama kwenye pampu ya gia au ya rola. La tatu ni joto. La nne ni marudio: kitu ambacho kiumbe angekivumilia mara moja humchosha akikipitia mara hamsini.

Jambo la nne husahaulika sana. Watu hulaumu aina ya pampu, kumbe tatizo ni mpira wa kurudishia unaozungusha chai ile ile pipani saa nzima.

## Kuchagua aina ya pampu

4. Nikiwa dukani, nitafute aina gani?

Pampu ya kiwambo ndiyo chaguo la kwanza kwa wengi. Kiwambo cha mpira hupanda na kushuka, vali hufunguka na kufunga, na hakuna chuma kinachosaga kingine. Pampu ndogo za volti 12 zinazofungwa kwenye mabomba ya betri ni za aina hii.

Pampu ya pistoni inayoendeshwa kwa mkono au kwa miguu nayo ni nzuri, kwa sababu nguvu za mtu haziwezi kuzalisha presha ya kutisha. Pampu ya kukanyaga ambayo wakulima wengi wa Kenya na Tanzania wanayo kwa kumwagilia hufaa sana kupeleka chai kwenye mashina. Adui yake ni mchanga, unaokula washa za pistoni. Chuja vizuri (11).

Pampu ya kuminya mrija ndiyo pole kuliko zote kwa kuwa maji hayagusi kitu ila mrija wenyewe. Ila hutoa maji kidogo, na mrija huchakaa. Inafaa kitalu, haifai ekari tatu.

Pampu za gia na za rola ziache. Hata kama viumbe wangepona, chembe za mboji huzila pampu hizo haraka.

5. Bomba la mgongoni la mkono au la betri?

Yote mawili yanafaa, na tofauti iko kwenye usawa wa presha. Bomba la mkono la lita 16 au 20, ambalo wengine huliita solo, hupanda na kushuka kadiri unavyopiga mpini, kwa kawaida kati ya bar 1 na 4 (bar ni kipimo cha presha). Ukichoka, matone hukua. Ukipiga kwa hasira, yanakuwa ukungu. La betri hushika presha moja, na hilo ndilo linalolipia bei yake.

Angalia namba iliyoandikwa kwenye pampu ya betri. Nyingi zimeandikwa 0.8 MPa, yaani bar 8, na watu hushtuka bure. Hiyo ni presha ya juu kabisa wakati mlango wa kutolea maji umefungwa. Ukiwa unapuliza kwa nozeli yenye tundu kubwa, presha halisi hushuka hadi bar 2 au 3. Chagua lenye kitufe cha kurekebisha kasi, kisha pima kama ilivyoelezwa kwenye swali la 6.

6. Presha iwe ngapi, na nitaipimaje bila geji?

Lenga bar 2 kwa majani na bar 1 au chini yake kwa udongo. Kwa bar 2 maji hutoka kwenye tundu kwa kasi ya karibu mita 20 kwa sekunde. Kwa bar 20, ambayo ni presha ya kawaida kwa mashine za petroli za kupulizia, ni zaidi ya mita 60 kwa sekunde. Kiumbe akivuka tundu salama, bado anakwenda kugonga jani kwa kasi hiyo iwapo umesogeza fimbo ya kupulizia karibu. Weka sentimita 30 hadi 50 kati ya nozeli na jani.

Wapo watakaokuambia kwamba baadhi ya lebo za nematodi wa kuua wadudu huruhusu hadi bar 20. Ni kweli, lakini nematodi hao huuzwa wakiwa katika hatua ya ujana inayobaki na ngozi ya ziada ya kujikinga. Nyuzi za kuvu kwenye chai yako hazina koti hilo.

Kama huna geji, tumia nozeli yenyewe. Nozeli nyekundu yenye namba 04 imetengenezwa kutoa lita 1.6 kwa dakika kwa bar 3. Kinga maji safi kwenye jagi lenye alama kwa dakika moja kamili. Ukipata lita 1.3 uko bar 2. Ukipata lita 0.9 uko bar 1. Ukizidi lita 1.6 ikiwa nozeli ni mpya, punguza. Kama nozeli ni kuukuu, tundu limepanuka na kipimo hiki kitakudanganya.

7. Nina pampu ya maji ya kawaida, ya umeme au petroli. Itaharibu chai?

Ikipita mara moja, siyo kwa kiasi kinachodhaniwa. Impela (gurudumu la ndani linalosukuma maji) ya sentimita 12 inayozunguka mara 2,900 kwa dakika ina kasi ya ncha ya karibu mita 18 kwa sekunde, isiyotofautiana sana na kasi ya maji kwenye nozeli ya bar 2. Bakteria watapita. Nyuzi za kuvu zitakatika kiasi.

Hatari inaanza unapobana mlango wa kutolea na kuacha maji yarudi pipani. Nguvu yote ya mota isiyotoka na maji hugeuka joto. Mota ya nguvu farasi moja, karibu wati 750, ikizungusha lita 100 kwa nusu saa inaweza kupandisha joto nyuzi 3 hivi. Kama pipa lilikuwa limesimama juani na chai ina nyuzi 30, umeshaingia eneo baya kwa nematodi na kwa oksijeni.

Kwa hiyo itumie, lakini kwa mpira mnene ulio wazi, ukimwaga kwenye udongo, na bila mpira wa kurudishia. Usinyonye chai kutoka chini sana. Iweke pampu usawa wa pipa ili ijazwe na uzito wa maji yenyewe.

8. Bomba la injini la kupuliza upepo, lile la mgongoni la mikorosho?

Hapana. Hupasua maji kuwa matone madogo mno kwa upepo mkali, na tone dogo hukauka hewani kabla ya kufika. Kwa dawa ni sifa nzuri. Kwa kiumbe anayehitaji unyevu ni kifo.

9. Naweza kuacha pampu ya kuzamisha ndani ya pipa izungushe chai badala ya pampu ya hewa?

Usifanye hivyo. Pampu ndogo ya lita 1,000 kwa saa katika pipa la lita 200 hupitisha chai yote mara 5 kila saa, yaani mara 120 kwa siku. Tena mota yake hupoa kwa maji hayo hayo: wati 50 kwa saa 24 zinaweza kuongeza hadi nyuzi 5 kwenye pipa lililofunikwa. Hewa ipulizwe kutoka nje, kwa pampu ya hewa na mrija unaofika chini kabisa ya pipa.

## Nozeli, chujio na mipira

10. Nozeli ipi inafaa?

Tukilazimika kuchagua kati ya pampu nzuri na nozeli nzuri, tungeanza na nozeli. Bomba la bei ndogo lenye nozeli ya tundu kubwa hushinda pampu ya gharama iliyofungwa nozeli ya ukungu.

Kwa udongo, tumia nozeli ya kufurika, ile ya magugu ambayo maji hugonga kibao kidogo na kusambaa kama feni. Tundu lake ni pana na hufanya kazi vizuri kwa bar 1. Kwa majani, tumia nozeli bapa ya namba 04 (nyekundu) au 05 (kahawia). Nozeli ya koni inayokuja na mabomba mengi ina kizungushi ndani, kipande kidogo chenye mifereji ya kupindisha maji. Mifereji hiyo huziba kwa mboji na hukata nyuzi. Mabomba mengi hukubali kukitoa. Utapata mchirizi mnene badala ya koni, unaofaa mashina.

11. Chujio iwe na matundu ya ukubwa gani?

Takriban milimita 0.4, ambayo madukani huitwa mesh 40. Mesh 50, yenye matundu ya milimita 0.3, bado inakubalika. Mesh 80 na 100, zinazokuja ndani ya fimbo za mabomba mengi, zina matundu ya milimita 0.18 na 0.15: zinaweza kuzuia nyuzi na nematodi, kisha zitaziba. Fungua kishikio cha fimbo uangalie. Wengi hawajui kuna chujio humo.

Chuja mara mbili kabla ya chai kuingia kwenye bomba. Kwanza tumia kipande cha chandarua kisicho na dawa, ambacho matundu yake ni zaidi ya milimita 1, kuondoa majani na vijiti. Kisha tumia wavu wa nailoni wa mesh 40. Usikamue kitambaa kwa nguvu. Usitumie chandarua chenye dawa hata kimechakaa kiasi gani, maana dawa hiyo imewekwa ili iue.

12. Mipira na viungio vina shida gani?

Kila kona ya ghafla na kila kiungio chembamba ni nozeli nyingine iliyojificha. Tumia mpira wa kipenyo kimoja toka pampu hadi fimbo, upindishe kwa duara pana badala ya kuweka elbo, na uweke koki zenye tufe la chuma ndani (ball valve) zinazofunguka wazi kabisa.

## Vipimo shambani

13. Nichanganye kiasi gani, na bomba moja linafunika eneo gani?

Kiwango kinachotumika sana ni lita 20 za chai kwa ekari ukipulizia majani, na lita 60 hadi 80 kwa udongo. Maji unayoongeza ni ya kubebea tu. Kiasi chake hutegemea bomba lako.

Mfano: nozeli 04 kwa bar 2 hutoa lita 1.3 kwa dakika. Ukitembea mita moja kwa sekunde na kufunika upana wa mita moja, utamaliza ekari kwa dakika 67 na kutumia lita 88. Kwa bomba la lita 16 ni mijazo mitano na nusu. Gawanya lita 20 za chai humo: kila mjazo uwe na chai lita 3.6, na kilichobaki ni maji yasiyo na klorini.

14. Maji ya bomba la mjini yanafaa kuchanganyia?

Baada ya kuyaacha wazi siku nzima, au kuyapuliza hewa saa moja au mbili ili klorini itoke. Ya mvua au ya kisima ni bora.

15. Chai ikishazimwa hewa nina muda gani?

Saa 4 hadi 6, na pungufu ya hapo kwenye joto. Ndiyo maana pampu inayomaliza kazi haraka ina thamani kuliko ile pole inayokuweka shambani hadi jua la saa sita. Puliza asubuhi mapema au jioni, kwa kuwa miale ya jua huua viumbe juu ya jani. Ukiona kazi itachelewa, acha pampu ya hewa ikiendelea na uchote kidogo kidogo. Chai ikinuka kama yai bovu, usiipulize.

## Usafi na matatizo

16. Bomba langu lilipulizia mrututu mwaka jana. Naweza kulisafisha?

Nunua lingine. Mrututu ni shaba, na shaba huua kuvu. Hiyo ndiyo kazi yake kwenye kahawa. Hubaki kwenye mipira, washa na kuta za tangi. Vivyo hivyo kwa viuakuvu vingine na dawa za magugu, ambazo mabaki yake yanaweza pia kuunguza mazao. Andika CHAI kwa rangi kwenye tangi jipya ili mtu mwingine nyumbani asilichukue kwa dawa.

17. Nisafisheje baada ya kazi?

Siku hiyo hiyo, kabla molasi hazijakauka.

Mwaga mabaki chini ya miti. Suuza tangi kwa maji safi mara tatu, na kila mara pitisha maji hadi kwenye nozeli. Toa nozeli na chujio uvisugue kwa mswaki. Usichokonoe tundu kwa waya. Kila baada ya wiki chache, au ukigusa ndani na kuhisi ute, jaza maji yenye mililita 10 za jiki kwa lita, acha dakika 20, pitisha kwenye mpira, kisha suuza sana. Usichanganye jiki na siki wala dawa nyingine ya usafi. Hutoa gesi ya sumu. Anika vyote wazi.

Washa na oringi zipakwe grisi ya silikoni. Grisi ya magari huweza kuvimbisha mpira.

18. Pampu ya betri inawaka na kuzima kila sekunde. Imeharibika?

Kwa kawaida hapana. Swichi ya presha inakata kwa sababu maji hayatoki kwa kasi ambayo pampu inayasukuma. Angalia kwa mpangilio huu: nozeli imeziba, chujio la fimbo limeziba, nozeli ni ndogo kuliko uwezo wa pampu. Ukiweka nozeli kubwa zaidi au kupunguza kasi, itatulia. Usiiache hivyo, kwani kila kukata na kuwaka kunapiga viumbe kwa presha ya juu kabisa.

Kama pampu inanguruma kwa sauti ya kokoto na maji yanatoka kwa vipande, shida iko upande wa kunyonya: chujio la chini limejaa mboji au mpira unavuta hewa kwenye klampu.

## Hali za pekee

19. Sola bila betri inawezekana?

Inawezekana kwa kumwaga kwenye udongo, ila kwa majani itakusumbua. Wingu likipita presha huanguka na matone hubadilika. Tena jua linalotosha kuendesha pampu ndilo lisilofaa kupulizia (15). Weka betri. Pampu ya wati 60 hula ampea 5. Ukivuta mita 10 za waya wa milimita za mraba 1.5 utapoteza zaidi ya volti moja njiani, basi sogeza betri karibu na pipa.

20. Niko pwani, au niko nyanda za juu. Kuna tofauti?

Ipo, na inahusu oksijeni. Maji ya nyuzi 20 usawa wa bahari hushika miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30, kama ya Tanga au Mombasa, hushika 7.6 tu. Mbeya, karibu mita 1,700 juu, hata maji ya nyuzi 20 hushika takriban 7.4. Pande zote mbili akiba ni ndogo, kwa hiyo punguza molasi na fupisha muda wa kupeleka shambani. Pwani, weka pipa kivulini na usitumie pampu yoyote yenye mpira wa kurudishia.

21. Naweza kuiingiza kwenye umwagiliaji wa matone?

Kwa tahadhari. Mifumo hiyo huhitaji chujio la mesh 120 hivi, matundu ya milimita 0.13, kwa hiyo nematodi na sehemu kubwa ya kuvu huweza kubaki hapo. Utafikisha hasa bakteria. Kichanganyio cha venturi (kipande chembamba ambacho maji yakipita huvuta chai yenyewe) hakina tatizo kwani chai hupita mara moja. Anza na maji matupu, ingiza chai katikati, kisha maliza na maji safi dakika 15, la sivyo ute utaziba matundu ya matone.

22. Nitajuaje kama pampu yangu inaua?

Kwa hadubini tu. Chukua sampuli mbili za kiasi kilekile: moja pipani, nyingine iliyokingwa kwenye nozeli kwa ndoo safi. Ziangalie kwa ukuzaji wa mara 100 kuhesabu nematodi wanaojongea, na mara 400 kuona urefu wa nyuzi na mwendo wa protozoa. Hesabu maeneo 10 au zaidi kwa kila sampuli; tone moja halitoshi. Kama nematodi wametoweka kabisa, shuku chujio. Kama wapo lakini hawajongei, shuku joto au presha. Kama nyuzi zimekuwa vipande vifupi, shuku nozeli, kisha idadi ya mizunguko.

Harufu na rangi hazikuambii chochote kuhusu pampu.

23. Naweza kupulizia mboga zinazoliwa mbichi?

Peleka kwenye udongo, usipulizie majani ya kachumbari. Molasi huweza kuzalisha vijidudu vya kinyesi pamoja na wale unaowataka, na pampu pole itawahifadhi wote. Lundo la wazi lihesabiwe limeiva salama likiwa limekaa nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, likigeuzwa mara 5. Lisipofika hapo, ichukulie chai yake kama samadi mbichi: kanuni za kilimo hai za Marekani hudai siku 120 kabla ya kuvuna mazao yanayogusa udongo, na 90 kwa yasiyogusa.